Punda, Mzigo na Bwana: Uchovu wa Mwajiriwa katika Hadithi Tatu

Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii hutajwa mara nyingi mahali pa kazi, na aghalabu hutajwa kwa uchangamfu, kama wito wa kujitahidi. Anayeitaja hajidhanii kuwa ndiye punda. Vitenzi vyake viwili, afe na ufike, vyote ni vya kutaka: msemaji hasimulii ajali iliyotokea njiani, anataka jambo, naye yu tayari kulilipia kwa roho isiyo yake. Tena iko methali nyingine isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Basi katika lugha yetu mnyama huyu huhukumiwa mara mbili: akifa chini ya mzigo, husifiwa mzigo, akipiga teke, hulaumiwa yeye. Sauti yake mwenyewe haimo katika methali yo yote kati ya hizo mbili. Insha hii yaitafuta sauti hiyo katika hadithi tatu za watu walioajiriwa, moja ya Marekani, moja ya Prague na moja ya kwetu, ili tupime jinsi fasihi ilivyosema, na mahali iliposhindwa kusema, juu ya uchovu wa mtumishi.

Kwanza yafaa tutengeneze maneno. Uchovu, kwa maana yake ya kila siku, ni hali ipitayo: mkulima huchoka jioni, hulala, huamka na nguvu mpya. Uchovu tunaouzungumzia hapa ni mwingine. Huu hauondolewi na usingizi. Humfuata mtu kitandani na kuamka naye. Humfanya aione ngeni kazi aliyokuwa akiipenda, awachukie watu aliokuwa akiwahudumia, na mwisho ajione hafai kitu. Lugha yetu haikukosa maneno ya kuukaribia. Twasema mtu amechakaa, kama tusemavyo juu ya nguo. Amekwisha, kama tusemavyo juu ya akiba. Amezimika, kama tusemavyo juu ya taa. Walakini neno lenye mafunzo kuliko yote ni sulubu. Mtu wa sulubu ni mwenye nguvu. Kazi ya sulubu ni kazi nzito. Na kusulubu ni kutesa, hata kutundika mtu msalabani. Neno hili laanzia katika sifa na kuishia katika mateso, na msemaji hasikii mahali lilipopinduka. Ndivyo hali yenyewe ianzavyo. Huanzia katika sifa.

Wataalamu waliipa hali hii jina rasmi katika miaka ya karibu tu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa nafsi katika New York, aliandika juu yake kama alivyoiona kwa watumishi wa zahanati ya bure na kwake mwenyewe. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaitafutia vipimo, vilivyotolewa mwaka 1981. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kwa uangalifu mkubwa: halikuiita ugonjwa, liliiita jambo la kazini, litokanalo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa vema. Alama zake ni 3: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo uliopoa au wenye dharau, na kupungua kwa ufanisi. Tena mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Basi methali ya punda si mfano wa maneno tu. Lakini watunga hadithi walikuwa wamekwisha kuiona hali hii zaidi ya karne moja kabla ya wenye vipimo, na ushahidi wao wastahili kusikilizwa.

Shahidi wa kwanza ni Herman Melville wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1853 hadithi ya karani aitwaye Bartleby. Msimulizi ni wakili mzee mwenye ofisi yake katika Wall Street, New York. Kazi ya ofisi ni kunakili hati za sheria kwa mkono, na kisha kuzisoma neno kwa neno ili kuzisahihisha. Bartleby aajiriwa, apewa meza nyuma ya pazia, karibu na dirisha lielekealo ukuta. Siku za kwanza afanya kazi kama mwenye njaa, mchana kwa nuru ya jua na usiku kwa mshumaa. Siku ya tatu aitwa kuja kusahihisha nakala, naye akataa kwa upole, bila hasira na bila kutoa sababu. Tangu hapo kukataa kwake kwaenea kama maji: aacha kusahihisha, aacha kutumwa, mwisho aacha kunakili kabisa, akasimama akitazama ukuta. Haondoki hata afukuzwapo. Wakili ahama ofisi. Bartleby apelekwa gerezani. Huko akataa chakula, akafa.

Wasomaji wengi wamefanya kukataa kwa Bartleby kuwa fumbo la hadithi, na katika kulifumbua wamemwita mwendawazimu, mwasi, hata mtawa. Kwa maoni yangu wameanza kusoma wakiwa wamechelewa. Ufunguo umo katika zile siku za kwanza, alipokuwa akinakili usiku na mchana. Wakili aliona bidii ile akafurahi, isipokuwa kwa dosari moja: karani wake hakuwa mchangamfu. Aliandika kimya, uso umempauka, kama chombo. Angefanya kazi ile ile kwa tabasamu, bwana wake asingekuwa na neno. Hapa Melville amegusa jambo ambalo waajiri wa leo wamelifanya kanuni: haitoshi mtumishi atoe nguvu zake, yampasa pia aonyeshe furaha ya kuzitoa. Dalili ya maradhi ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, nayo ilisomwa kama upungufu wa adabu.

Wala Bartleby si mgonjwa wa pekee ofisini humo. Wako makarani wengine wawili, nao huitwa kwa majina ya utani tu, Turkey na Nippers. Turkey, mzee wa karibu miaka 60, hufanya kazi vizuri hata adhuhuri. Baada ya hapo uso huwaka, wino humwagika, nakala huharibika. Nippers, kijana wa miaka 25 hivi, husaga meno asubuhi yote na kugombana na meza yake, asipate kimo kinachoutuliza mgongo wake, mchana hutulia. Wakili asimulia haya kwa mzaha, tena kwa shukrani, kwa sababu maudhi ya mmoja huanza mwingine anapopoa, kama walinzi wa zamu. Msomaji hucheka. Lakini tuihesabu hesabu ile: bwana ana watu wawili walioharibika, naye hupata kutoka kwao karani mmoja mzima, akaridhika. Kuharibika kwao kumeingizwa katika utaratibu wa kazi, kwa hiyo hakuonekani tena. Kosa la Bartleby ni kwamba kuharibika kwake hakukuingia katika utaratibu wo wote.

Ubora mkubwa wa hadithi hii ni kwamba wakili si mtu mwovu. Asingizia macho ya karani kuwa yameumia, ampa fedha, amkaribisha nyumbani kwake, amzuru gerezani, alipia chakula chake. Kama Melville angetupa bwana katili, tungemlaani tukafunga kitabu. Ametupa bwana mpole, akatulazimisha kuona kwamba upole wake wote ulikuja baada ya kazi kusimama. Mwishoni wakili ataja uvumi kwamba Bartleby zamani alikuwa karani huko Washington, katika idara ya barua ambazo wenyewe hawakupatikana, barua zilizochomwa moto. Ukumbusho huu wapaswa kusomwa pamoja na methali yetu. Methali yakubali kifo cha punda kwa kuwa ina hakika kwamba mzigo utafika. Melville auliza: na kama haufiki? Kuna kazi nyingi duniani ambazo mtu huzibeba maisha yake yote asimwone hata mara moja aliyepokea alichokibeba.

Shahidi wa pili ni Franz Kafka, aliyechapisha mwaka 1915 hadithi ya Gregor Samsa, mchuuzi wa nguo asafiriye kwa treni, aliyeamka asubuhi moja akajikuta amegeuka mdudu mkubwa. Sifa ya hadithi hii imejengwa juu ya ajabu hiyo. Lakini ajabu iliyo kubwa zaidi ni mambo anayoyafikiri Gregor akiwa bado kitandani. Hashangai sana mwili wake. Atazama saa. Aliitega imwamshe saa kumi alfajiri. Treni yake huondoka saa kumi na moja. Na sasa ni saa kumi na mbili u nusu. Ahesabu treni ifuatayo. Afikiri kusema kwamba ni mgonjwa, akaona aibu, kwa kuwa katika miaka 5 ya kazi hakuugua hata siku moja, na daktari wa bima huona watu wote kuwa ni wazima walio wavivu. Kazini amefungwa na deni la wazazi wake, naye amepiga hesabu kwamba litamchukua miaka 5 au 6 zaidi kulimaliza. Punde, baada ya saa moja kupita kidogo tu, karani mkuu wa duka amekwisha kufika mlangoni mwao kuuliza sababu. Mtu hajapata kujijua amekuwa nini, na kazi imekwisha kujua kwamba amechelewa.

Kafka hakulibuni jambo hili katika njozi. Tangu mwaka 1908 hata 1922 alikuwa mtumishi wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, na madhara ya viwandani yalipita mezani pake kila siku. Mkono ulioumizwa na mashine una mahali pake katika daftari ya bima. Uchovu hauna. Basi mwandishi ameupa uchovu mwili, tena mwili usioweza kukanushwa, wenye miguu mingi na gamba mgongoni, ili aone kama sasa utaaminiwa. Jawabu la hadithi ni chungu: wauona, wala hawauamini. Hata nyumbani hakuna aulizaye jinsi mtu alivyofika hapo. Huulizwa mshahara utatoka wapi.

Kisha Kafka afanya jambo ambalo Melville hakulifanya: afuata mzigo baada ya punda kuanguka. Baba aliyedhaniwa hajiwezi aajiriwa tarishi wa benki. Hulala kitini jioni na sare yake mwilini, kana kwamba aweza kuitwa wakati wo wote. Mama ashona nguo za duka. Dada auza dukani. Siku Gregor alipokufa, wote watatu waamua kupumzika, wakaketi mezani kuandika barua tatu za udhuru kwa mabwana wao watatu. Likizo ambayo marehemu hakuipata katika miaka 5 imepatikana kwa kufa kwake. Wapanda tramu kwenda nje ya mji, na wazazi, wakimtazama binti yao alivyonawiri, waanza kufikiri juu ya kumwoza. Wahakiki huuona mwisho huu kuwa wa kikatili. Ni wa kikatili, lakini ni wa kweli pia: nyumba imepoteza mbebaji mmoja, nayo tayari yamtazama mwingine.

Hadithi hizi hazikuandikwa na watu waliokuwa mbali na meza ya ofisi. Kafka tumekwisha kumtaja. Melville mwenyewe, baada ya vitabu vyake kukosa wanunuzi, alitumika kama mkaguzi wa forodha katika New York kwa miaka 19, tangu 1866 hata 1885. Na shahidi wetu wa tatu, Shaaban Robert, aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akatumika humo hata 1944, kisha katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kumtarajia karani huyu wa Tanga aseme juu ya meza ile jambo alijualo kwa mifupa yake.

Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki, alilisema kwa njia yake. Utubora ana kazi ya mjini yenye mshahara mzuri. Aiacha, mwajiri wake asitake, akaenda kulima Busutamu. Huko apata kazi ya mikono, majirani, na amani ya moyo. Jina la mhusika latangaza kusudi la mtunzi: utu ulio bora wapimwa kwa kazi mtu anayoichagua, wala si kwa ujira anaoupokea. Iko hekima kubwa katika jambo hili, na yafaa itajwe kabla ya lawama. Shaaban Robert hakudai kwamba maisha mema ni maisha mepesi. Jembe lina sulubu kuliko kalamu. Tofauti ya kazi mbili hizi ni kwamba mkulima huiona mbegu aliyoitia ardhini ikichipuka, na mlaji wa mavuno yake ana jina na uso. Hili ni jawabu la kweli kwa barua za Bartleby zisizofika. Melville na Kafka walionyesha maradhi wasionyeshe dawa; mwandishi wetu ameonyesha dawa.

Lakini ameionyesha bila mgonjwa. Hapa ndipo kitabu hiki kipenzi kinapopungua. Utubora ameacha kazi akiwa na nguvu zake zote. Apima, aamua, aaga kwa heshima, aondoka. Mtu aliyeishiwa hawezi kufanya hata moja kati ya mambo hayo, kwa kuwa kuchagua ni nguvu, na nguvu ndiyo iliyokwisha. Gregor amefungwa na deni; Bartleby hana hata mahali pa kulala nje ya ofisi. Ukimpa mmoja wao kitabu cha Utubora akisome, atakifunga akijilaumu zaidi, akidhani kwamba lililomzuia kwenda Busutamu ni upungufu wa utu wake. Tena uzito wa hadithi umehamia shambani pamoja na shujaa. Kiti alichokiacha mjini hakitushughulishi tena, nasi twajua kwamba viti vya namna hiyo havikai vitupu. Kafka, aliyemfuata baba mpaka ndani ya sare yake, aliliona jambo hili vizuri zaidi. Wokovu wa mtu mmoja mwema ni hadithi njema, lakini haugusi kiti.

Huenda mtu akapinga akisema kwamba uchovu wa makarani ni maradhi ya walioshiba. Kwamba wapagazi wa zamani na makuli wa bandarini waliteseka zaidi wasiandikiwe hadithi. Pingamizi hili lina nguvu, na upungufu linaoutaja ni wa kweli. Lakini tulitazame jambo lenyewe. Mpagazi wa misafara alibeba mzigo ulioweza kufika frasila 2, na njia ilikuwa na njaa, maradhi na kifo. Hata hivyo mzigo wake ulikuwa na mahali pa kutuliwa. Wengine hulifasiri jina la Bagamoyo hivyo: bwaga moyo, mahali ambapo aliyetoka bara hutua mzigo begani na moyo pia. Mtumishi wa leo, awe mwuguzi, mwalimu au karani, hana Bagamoyo yake. Simu aliyonayo mfukoni humletea ofisi mezani pa chakula na kitandani. Sheria zimejitahidi: mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini sheria huhesabu saa ambazo mwili uko kazini. Haina kipimo cha saa ambazo moyo haukutua.

Basi fasihi yetu ina deni hapa, nayo yaweza kulilipa kwa kuitazama upya sifa moja tunayoipenda kuliko nyingine, yaani uvumilivu. Mashairi yetu na hadithi zetu zimemsifu mvumilivu kizazi baada ya kizazi, na mara nyingi kwa haki, kwa sababu shida zilizovumiliwa hazikuwa na dawa. Lakini sifa iliyozaliwa katika ukame na maradhi imehamishiwa ofisini bila kuulizwa, na huko yamtumikia bwana kuliko mvumilivu. Mwuguzi akesha zamu ya tatu mfululizo huambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Hakuna amwambiaye ni lini, wala mti huo uko wapi.

Nawaomba wanafunzi wa fasihi wazisome hadithi hizi tatu pamoja, kila moja ikiwa kipimo cha nyingine, na katika kila moja waulize swali moja: ni nani aliyemwona mtu huyu amechoka, na aliona lini? Katika Wall Street alionekana kazi iliposimama. Katika nyumba ya Samsa hakuonekana kamwe. Utubora hakuhitaji kuonwa, kwa kuwa alijiona mwenyewe mapema. Hadithi ambayo bado hatunayo katika Kiswahili ni ile ya mtu anayeonwa kwa wakati, naye akingali na nguvu ya kusema, na wenzake wakikigeuza kiti chenyewe badala ya kumtafutia mtu wa kukikalia. Mtunzi atakayeiandika itambidi aanze kwa kumpa punda ulimi. Hapana shaka wengi watayasikia maneno yake kama mateke. Ni juu yetu wahakiki kuyapambanua.